Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Pole dada. Umesema hospitali yenu binafsi inakupangia zamu za usiku mfululizo, ovataimu hailipwi, wenzako wanaondoka mmoja mmoja, na unauliza nawe uache. Mimi nisingeacha kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara 1.5 ya malipo ya saa ya kawaida, na kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 (ndogo, lakini ni yako). Piga picha ratiba kila inapobandikwa, maana matroni akiibadilisha huna ushahidi. Kisha nendeni kwa uongozi kwa pamoja, na TUGHE (chama cha wafanyakazi wa serikali na afya) kama mna tawi. Ukienda peke yako utaitwa mkorofi. Wakikaidi, pelekeni suala CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze.