Gari la Zamani na Maji Yasiyojulikana Yanakotoka

Corolla yangu ya 1998 imelowa kapeti ya mbele, upande wa abiria. Huku Tanga mvua haijanyesha siku nyingi. Maji haya ya nini?

Nashuku AC. Iwashe gari likiwa limesimama, kisha chungulia chini: kwa joto la Tanga lazima maji yadondoke. Pakiwa pakavu, mrija wa kutolea maji umeziba na maji yanarudi ndani. Uzibue taratibu. Ila kwanza gusa kapeti. Maji yakiteleza kidoleni na kioo cha mbele kinashika ukungu wenye mafuta, hita, ambayo hupitisha maji ya rejeta, ndiyo inavuja. Kama rejeta unaitia maji ya bomba tu (wengi tunafanya hivyo), utelezi hutauona, kwa hiyo angalia kama maji ya rejeta yanapungua.

Fundi alibadilisha mota ya kioo cha mlango. Tangu hapo kila mvua ikinyesha nakuta maji miguuni, na raba ya mlango ni mpya.

Raba iache, haina kosa. Mvua huingia ndani ya mlango wa gari lolote, hata jipya: inateremka na kioo, inatokea kwenye vitundu vya chini. Kinachoizuia isije kwako ni nailoni iliyogandishwa nyuma ya kava ya ndani ya mlango. Fundi mwenye haraka huichana afikie mota, kisha anarudisha kava kama hajaona kitu. Afungue tena, akate nailoni nzito, aigandishe kwa gundi laini isiyokauka, na ukingo wa chini auingize ndani ya mlango ili maji yaangukie humo. Azibue na vitundu. Malipo ya pili sioni yanatoka wapi.

Buti linanuka uvundo, shimo la tairi la spea limejaa maji.

Laza viti vya nyuma, ingia na tochi, buti lifungwe. Mwenzako amwage maji kwa mpira akianzia chini kwenda juu. Akianzia juu yatatiririka kote na hutajua lilipo tundu. Mimi hushuku gasketi za taa za nyuma kwanza.

Nimepaka silikoni pembeni mwa kioo cha mbele, bado kinavuja. Niongeze?

Hapana. Ile yenye harufu ya siki hula bati. Fungua kwanza plastiki ya chini ya waipa. Ukiegesha chini ya mwarobaini, majani huziba njia ya maji pale. Pakiwa safi, kioo kitolewe, kutu isuguliwe, kigandishwe upya kwa gundi ya vioo vya magari.