Neno "different" lilinikosesha kazi, wewe lisikukoseshe

Juzi mdogo wangu mmoja wa Majengo kaniandikia: "Yaya, mbona mwalimu ananikata pointi kila nikiandika different?" Nikakaa kimya kidogo, juu hicho kidonda nakijua.

Mimi nilishafanyaka test ya kutafsiri kwa ONG moja, shirika lisilo la serikali, hapa Goma, miezi mitatu najiandaa, shati la kuazima, na mada ikatoka: chukudu, ile ya mbao ya kusukumia mizigo, na baiskeli zinatofautiana namna gani. Chukudu! Mimi niliyesukuma viazi toka Kibumba mpaka soko la Virunga nikiwa mtoto! Nikaandika haraka haraka "there is a different between", chini yake "different of a bicycle", halafu "differents wheels". Msahihishaji akazizungushia bic nyekundu zote tatu, akanambia mbele ya wenzangu nirudi sekondari. Nilitembea mguu mpaka nyumbani. Mpaka leo inaniuma, sitaficha.

Shida ni kwamba "tofauti" yetu inafanya kazi zote: kuna tofauti, vitu tofauti, hii ni tofauti na ile. Kiingereza kimegawa kazi. "Difference" ni jina la kitu, "different" ni sifa, "differ" ni kitendo. Kwa hiyo "there is a difference between a chukudu and a bicycle", chukudu haina pedali, lakini "a chukudu is different from a bicycle". Ile "of" tunaichota kwa Kifaransa, "différent de", na ile s ya "differents" vilevile, sifa ya Kiingereza haibebi s hata vitu vikiwa mia. Utawasikia Waingereza na "different to", Wamarekani na "different than", wewe shika "from", inapita kote.

Na "differ", kwa volkano zetu mbili: "Nyiragongo and Nyamulagira differ in height", mita 3,470 kwa 3,058.

Vijana wa Goma, tuache kukariri listi za maneno! Andika sentensi za vitu unavyoviona kwa macho yako, kila siku, andika tena, na bic nyekundu usiiogope, iogope siku utakayoacha kuandika.

Mwaka uliofuata nilirudi kwa test, nikaandika "difference" mara nne, zote safi, na kazi nikaipata, njo hii ninayofanya mpaka sasa. Ile karatasi ya kwanza bado niko nayo kwa sanduku. Wewe wa Majengo, nitumie kesho sentensi tano za kulinganisha soko la Virunga na Birere, nitakusahihishia mwenyewe.