Re: Lisbon siku moja kwa miguu, mama ana magoti

Salaam dada. Nimekuelewa: mna siku moja tu Lisbon, mji mkuu wa Ureno, unataka mitaa miwili, Alfama ya kale iliyo kilimani na Belém iliyo kando ya mto, na mama hawezi vilima.

Cha kwanza kabisa, angalia siku yenyewe. Ikiwa Jumatatu, nyumba ya watawa ya Jerónimos, kule Belém, imefungwa. Pili, viatu. Njia za pale zimetandikwa vijiwe vya chokaa vilivyosuguliwa na miguu ya watu. Mvua ikinyesha ni sabuni. Mimi nilikaa chini kama gunia, mbele ya watu.

Sasa siri ya Alfama: usipande, shuka. Chukueni basi 737 pale Praça da Figueira, liwapeleke juu hadi ngomeni. Kutoka hapo teremkeni polepole, mpumzike Portas do Sol mkitazama mto Tejo, mpite kanisa kuu la Sé, mtokee Baixa. Baixa ni tambarare na mitaa imenyooka, kwa sababu ilijengwa upya baada ya tetemeko la 1755. Hapo mama atapumua. Tramu 28 iacheni, inajaa mno na wezi wa mifukoni wanaipenda.

Belém msiende kwa miguu, ni kilomita sita hivi. Pandeni tramu 15. Kanisani Jerónimos, karibu na mlango, kuna kaburi la Vasco da Gama, yule yule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498. Mimi mtu wa pwani nilisimama pale muda mrefu, sijui kwa hasira au kwa mshangao.