Kilele, upeo na wakata-silabi

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii Arusha, naandaa kijitabu cha Mlima Meru kwa Kiswahili. Naweza kuandika "upeo wa Meru" badala ya kilele? Kuna video inasema "kilele" limetokana na "kelele" za wanaofika juu, na kwamba "kilele cha sherehe" ni kosa.

JIBU: Andika kilele. Upeo ni pale jicho au uwezo unapokomea. Ukisimama ufukweni Tanga unauona upeo wa macho, lakini hakuna atakayekwenda kusimama juu yake apigwe picha. Ndiyo maana tunasema uzuri wa fulani umefika upeo: hauna pa kuzidi. Na kwa kuwa njia yenu ikishapita mahali paitwapo Rhino Point hufuata mgongo wa kreta, yaani ukingo wa shimo la volkano, mgongo uite mgongo. Mgeni akidhani amefika kileleni, kumbe bado yuko mgongoni na giza halijaisha, lawama utazibeba wewe.

Sasa hiyo video. Kilele ni sehemu ya juu kabisa ya mlima, na ya mti pia. Sijui huko mtini nani hupanda kupiga kelele. Kilele cha Nane Nane ni tarehe 8 Agosti, siku ambayo maonesho ya wakulima hufika juu baada ya kupanda siku kadhaa. Kosa liko wapi? Hata "mkutano wa kilele", ambao Tanzania wengi huuita mkutano wa wakuu wa nchi, unaeleweka bila mkalimani.

Hebu tuifuate hadi mwisho kanuni ya hao wakata-silabi, kwamba maneno yakifanana sauti basi asili ni moja. Upeo hutokana na kitenzi pea, yaani kukomaa, kufikia mwisho wa kukua; pevu na pevuka ni ndugu zake. Lakini pea ni jina la kifaru pia, na dukani ipo pea ya viatu. Kwa mwendo huo, upeo ni kifaru aliyevaa viatu.

Watu hao hao wameifanya Kilimanjaro mtaji. Leo "njaro" ni baridi, kesho msafara, keshokutwa pepo, na kila mmoja anaapa. Wanaoifanya kazi hii kwa dhati wamebishana tangu karne ya 19 na bado hawajaafikiana. Asili ya neno hutafutwa katika lugha za jirani, katika tenzi kongwe, katika kamusi ya Krapf ya 1882 na ya Johnson ya 1939, ukiangalia sauti ipi hugeuka kuwa ipi, na kama hugeuka hivyo katika maneno mengine pia. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi.

Siku hizi wamehamia kwenye majina ya watu. Wazazi wananiandikia wakitaka kumbadilishia mtoto jina kwa sababu mtu kalikata vipande viwili akakuta mkosi ndani. Kabla hujamlipa mtu wa namna hiyo, mwambie akuoneshe neno hilo katika lugha mbili za jirani. Wengi huacha kupokea simu.