Imeli inatoka nyumbani, ukihamia waifai nyingine inagoma

Wiki hii maswali yamefanana kama mapacha, yote ni imeli kugoma kutoka mtu akibadilisha waifai, nayajibu yote hapa hapa.

Swali: Nyumbani natuma bila shida, nikiwa hotelini zinakwama kwenye kikasha toezi (outbox) ila za kuingia naziona zote. Laptopu imekufa?

Laptopu nzima kabisa ndugu yangu. Kupokea na kutuma ni njia mbili tofauti, za kuingia kwa IMAP (njia ya kusoma imeli) zinapita porti 993, porti ni kama namba ya mlango, za kutoka zinaenda kwa seva ya SMTP, yaani kompyuta inayosafirisha imeli zako, na kesi iko huko. Fungua setingi za kutuma, nakisia utakuta porti 25. Hiyo ni ya tangu 1982 na mitandao mingi siku hizi inaifunga, maana kompyuta zilizoingiwa virusi zilikuwa zinaitumia kumwaga spamu mwenyewe hana habari. Weka 587 na STARTTLS, au 465 na SSL/TLS (hizo ni aina za kufunga ujumbe usisomwe njiani, unazichagua hapo hapo kwenye setingi), halafu washa ile sehemu inayosema seva ya kutuma inadai jina na paswedi, hapo ndo wengi wanateleza, wanabadilisha namba tu alafu wanarudi kwangu kulalamika. Ikikubali iache hivyo hivyo, hata nyumbani itafanya kazi.

Swali: Mimi natumia seva ya kutuma ya kampuni ya intaneti ya nyumbani, sijawahi kuwekea paswedi. Nikiwa kwa rafiki linakuja kosa 550, eti relay (kupitisha imeli) imekataliwa.

Seva hiyo haikujui kwa jina, inakujua kwa anwani ya IP, ile namba unayopewa na mtandao uliounganisha. Ukiwa nyumbani we ni mteja, ukitoka nje ya mtandao wao we ni mgeni kama wageni wengine na mzigo wa mgeni haipeleki. Tumia seva ya kutuma ya wale wale waliokupa anwani ya imeli, pamoja na paswedi yako, hiyo itakujua popote ulipo.

Swali: Uwanja wa ndege waifai inaonyesha fulu lakini haitumi wala haipokei.

Hujapita kwenye ukurasa wao wa kukubali masharti. Fungua brauza, ingia tovuti yoyote, mara nyingi utaletewa huo ukurasa. Kama una VPN (programu ya kupitisha intaneti yako kwa njia ya siri) izime kwanza, ukishakubali masharti iwashe tena.

Swali: Programu inaleta onyo kwamba cheti cha seva (kitambulisho chake) hakiaminiki, nibonyeze endelea?

Usibonyeze dada! Mara nyingine ni huo ukurasa wa masharti umejiingiza kati, ila inaweza kuwa mtu amekaa hapo katikati anasubiri paswedi yako, na wewe kwa kuangalia tu huwezi kuwatofautisha. Hamia data ya simu. Onyo likikufuata hadi huko angalia saa na tarehe ya kompyuta, tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka hata cheti kizima kinaonekana kibovu.

Swali: Sasa nitajuaje kosa ni la waifai au ni langu?

Washa hotspoti ya simu, unganisha laptopu ile ile, tuma imeli ile ile, usiguse setingi hata moja. Ikitoka basi ile waifai ndo imefunga njia. Mimi hili sikulijua, nikapoteza nusu siku nafuta programu na kuiweka upya mara tatu, bure kabisa. Ikigoma hata kwenye hotspoti hapo rudi kwenye paswedi, na kama umewasha uthibitishaji wa hatua mbili Google inaweza kukudai paswedi maalumu ya programu, ile ya herufi 16, siyo ya kawaida. Angalia pia kiambatisho, Gmail mwisho wake MB 25, na kwenye waifai nzito hata cha MB 10 kinaweza kukwama na kuzuia zilizo nyuma yake. Kama una haraka ingia imeli kwa brauza, inapita porti 443 kama tovuti zingine na hiyo ni nadra kukuta imefungwa.