Kabla mtoto hajashika upanga, mpe kazi

Kila nikiletewa mswada wa riwaya ya vijana kuhusu Vita vya Msalaba, swali langu la kwanza kwa mwandishi ni dogo: huyu mtoto wako ana kazi gani? Mara nyingi hana. Ana upanga, ana farasi, ana kisasi cha baba yake, lakini hatumwi popote, hachoti maji, hafui nguo za mtu. Kwa miaka mingi nimekaa na vijana wa darasa la sita mpaka kidato cha pili katika kikundi cha kusoma hapa Tanga, tukisoma kwa sauti miswada yangu na ya wenzangu, na nimezoea kutazama nyuso zao zaidi ya kusikiliza sifa zao. Vita vya watu elfu kumi kwa elfu ishirini vinawachosha mapema. Lakini mtoto aliyepewa kazi nzito na mkubwa asiyemwamini, huyo wanamfuata mpaka mwisho, na muda ukiisha wanaomba tumalizie sura.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nilishikilie jambo hili. Katika kikundi chetu, mtoto wa madrasa anakaa ubavuni mwa mtoto wa kwaya ya kanisani. Vita hivi vilipiganwa na watu walioshona msalaba begani na watu waliopiga takbiri, na mwandishi asipoangalia, kitabu chake kitawafanya nusu ya darasa wavimbe vichwa na nusu nyingine wainamishe macho. Sikubaliani na wanaosema basi somo hili tuliache. Watoto wanalisikia tayari, mitaani na kwenye simu, likiwa limejaa chuki. Afadhali walipate kwa mtu aliyesoma na anayewapenda wote. Mtoto mwenye kazi husaidia hapa pia, kwa sababu anayebeba maji kambini anawaona watu mmoja mmoja: yule mkali, yule anayemegea wenzake mkate, yule anayelia usiku.

Sasa umpeleke wapi? Tangu Papa Urban II alipohutubia Clermont, Ufaransa, mwaka 1095, akiwaita Wakristo waende kuitwaa Yerusalemu, mpaka Acre ilipotoka mikononi mwa Wazungu kwa mara ya mwisho mwaka 1291 ni karibu miaka 200. Usijaribu kuibeba yote. Chukua mji mmoja na misimu michache. Mimi humshauri anayeanza aende Acre, bandari ya pwani ya Palestina ambayo Waarabu huiita Akka, kati ya Agosti 1189 na Julai 1191.

Hali ilikuwa hivi. Julai 1187 Sultani Salahuddin al-Ayyubi alilivunja jeshi la ufalme wa Kikristo wa Yerusalemu pale Hattin, akaichukua Acre siku chache baadaye, na Oktoba akaingia Yerusalemu. Mfalme Guy wa Lusignan, aliyetekwa Hattin na kisha kuachiwa, alirudi mwaka 1189 na jeshi dogo akaizingira Acre. Salahuddin akaja nyuma yake akamzingira yeye. Kwa hiyo ndani kuna Waislamu wenye njaa, nje yao kuna Wakristo ndani ya mahandaki yao, na nje yao tena kuna kambi ya sultani. Hali ikadumu karibu miaka miwili, mpaka Wakristo walipouchukua mji Julai 1191. Mwandishi wa visa vya kusisimua angeombaje zaidi ya hapo? Barua yoyote, mfuko wowote wa unga, habari yoyote ya mama aliyeko upande wa pili, haipiti bila mtu kuhatarisha roho.

Na usidhani lazima ubuni kila kitu. Waliokuwepo wameandika. Bahauddin ibn Shaddad, kadhi wa jeshi la Salahuddin, alikuwa kambini, na ameacha visa vya watu wadogo ambavyo waandishi wengi huvipita wakikimbilia kwa wafalme. Anasimulia kwamba watu wa pande mbili walizoeana kwa kupigana muda mrefu mpaka ikawa wakichoka wanasimama kuongea, wengine wanaimba na wengine wanacheza, halafu wanarudi kupigana. Siku moja wakasema wakubwa wamepigana vya kutosha, sasa wapigane wadogo. Wakatoka wavulana wawili wa mjini na wawili wa Wazungu. Mmoja wa wale wa mjini akamkumbatia mwenzake, akambwaga chini na kumteka, na Mzungu mmoja akatoa dinari mbili kumkomboa.

Tulia hapo. Yule aliyebwagwa alirudi kambini usiku ule akala na nani? Aliyemkomboa ni ndugu yake au ni mtu baki? Na dinari mbili zile, mvulana wa mjini alizifanya nini ndani ya mji ambao chakula kilikuwa adimu? Riwaya nzima iko kwenye maswali hayo, na vijana ndio huyauliza wa kwanza. Niliposoma kisa hiki kwenye kikundi, walianza kubishana palepale kama mateka anaweza kuwa rafiki wa aliyemteka.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote, hata hivyo, ni cha mtoto wa mfua shaba. Mwaka 1190 Wazungu walijenga minara mitatu ya mbao yenye magurudumu, mirefu kupita ukuta wa mji. Mwanahistoria Ibn al-Athir anasema ilifika dhiraa 60 kwenda juu. Waliifunika kwa ngozi na udongo na kuilowesha siki ili moto usishike. Walinzi wa Acre waliirushia mafuta ya moto, yakashindwa. Mji ulikuwa unakwenda. Hapo akajitokeza kijana wa Damascus, mtoto wa fundi wa vyombo vya shaba, ambaye si askari. Alikuwa amezoea kukusanya dawa na kuchanganya vitu vinavyowaka, na watu wake walimlaumu kwa kazi isiyomhusu. Akaomba ruhusa kwa Qaraqush, amiri wa mji, naye alikuwa amekasirika na kukata tamaa, hakutaka kusikia. Wengine wakambembeleza, akakubali.

Kijana akarusha kwanza vyungu vya mchanganyiko wake bila moto. Wazungu waliokuwa juu ya mnara wakaona hakuna kilichotokea, wakashangilia, wakacheza, wakawakejeli walio ukutani. Mbao zikawa zinalowa taratibu. Ndipo akarusha chungu kimoja kinachowaka. Mnara ukashika mzima, kisha wa pili, kisha wa tatu. Salahuddin alipotaka kumpa zawadi, alikataa. Alisema amefanya kwa ajili ya Mungu.

Angalia jinsi kisa hiki kilivyojengeka, maana kuna ufundi wa kujifunza. Ushindi unatokana na ujuzi wa mikono, na ujuzi wenyewe ni ule ule aliolaumiwa kwao. Anashindana kwanza na mkubwa wa upande wake kabla hajamfikia adui. Halafu kile kimya cha vyungu visivyowaka: msomaji anajua jambo ambalo wanaocheza juu ya mnara hawalijui. Ukiandika sura hiyo usiiharakishe. Mpe kijana mikono yenye masizi, mpe harufu ya siki na ngozi mbichi ikipeperushwa na upepo wa bahari. Na usimnyime msomaji wale waliokuwa juu ya mnara. Walikuwa watu, na baadhi yao hawakupata pa kushukia. Kijana wako ayasikie hayo pia, alale nayo.

Yuko pia Isa, muogeleaji. Usiku alipiga mbizi chini ya meli za Wazungu akiwa amefunga kiunoni dinari za mishahara ya askari na barua, akaibukia upande wa pili, na akifika salama njiwa anarushwa kwenda kambini kutoa habari. Usiku mmoja njiwa hakuja. Baada ya siku kadhaa bahari ikautupa mwili wake ufukweni mwa mji, dhahabu na barua zikiwa bado kiunoni. Bahauddin anastaajabu kwamba hajapata kusikia mtu aliyefikisha amana baada ya kufa. Kwa mtoto aliyekulia pwani, kazi ya Isa haihitaji maelezo. Mpe mdogo wake, anayefuga wale njiwa na kukesha akiwasubiri.

Wasichana je? Naulizwa sana, na naona ni vibaya kuwatungia binti mpanda farasi anayewashinda wanaume wote ilhali kumbukumbu zina wanawake tele wenye kazi. Jeshi la Mfalme Richard wa Uingereza lilipoondoka Acre mwaka 1191 kuelekea kusini, wanawake walioruhusiwa kufuatana nalo ni wafua nguo, ambao pia waliwaosha askari vichwa na kuwatoa viroboto. Msichana wa miaka 12 anayefuatana na shangazi yake mfuaji anaingia kila hema, anasikia kila siri, na hakuna anayemtazama mara mbili. Yupo pia mama wa Kizungu aliyeibiwa kichanga chake usiku huko Acre. Wakubwa wake walimwambia aende kwa Salahuddin mwenyewe, maana ana huruma. Akavuka, akalia mbele yake, na sultani akaagiza mtoto atafutwe sokoni alikouzwa, akanunuliwa kwa fedha za sultani na kurudishwa kifuani kwa mama yake. Nani alimsindikiza kuvuka? Nani alimtafsiria?

Mkalimani ni mhusika wa dhahabu na wengi wanamsahau. Humphrey wa Toron, bwana wa Kizungu aliyezaliwa hukohuko, alijua Kiarabu na ndiye aliyetumika kwenye mazungumzo ya Richard na upande wa sultani. Salahuddin mwenyewe alikuwa Mkurdi, mzaliwa wa Tikrit, na majeshi yake yalijaa Waturuki. Kulikuwa na Wakristo wa Syria waliozungumza Kiarabu tangu vizazi, Waarmenia, Wagiriki, Wayahudi. Ukiandika “Waarabu” upande huu na “Wazungu” upande ule na kuishia hapo, umemnyima kijana mambo mazuri kuliko yote. Mpe mtoto wako lugha mbili na tayari ana kazi, ana hatari, na ana sababu ya kuaminiwa na kutoaminiwa na kila mtu.

Kuhusu vitu vidogo nitasema haraka. Msiwape nyanya, mahindi, viazi wala pilipili. Hivyo vyote vilivuka kutoka Amerika baada ya 1492. Kahawa bado. Bunduki hakuna. Wape mkate wa ngano, zeituni, jibini, tende, komamanga, na miwa, ambayo ililimwa kwenye pwani ile. Meli zisifike mwezi wowote mwandishi anaotaka. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyeondokea bandari ya Acre Oktoba 1184 kwa meli ya watu wa Genoa, anaeleza kwamba upepo wa kuwapeleka magharibi huvuma kwa majira, masika na tena vuli. Anayejua kaskazi na kusi ataelewa mara moja kwa nini mhusika akichelewa siku chache anaweza kukwama miezi.

Linabaki lililo gumu. Yerusalemu ilipochukuliwa tarehe 15 Julai 1099, Waislamu na Wayahudi waliuawa kwa wingi. Baada ya Hattin, Salahuddin aliamuru mashujaa wa Templar na Hospitaller, yaani vyama viwili vya watawa wapiganaji wa Kikristo, waliotekwa wauawe. Tarehe 20 Agosti 1191 Richard aliwaua mateka wa Acre wapatao 2,700 nje ya mji, mbele ya macho ya wenzao. Usiyafiche haya. Vijana wakigundua baadaye kwamba uliwaficha, hawatakuamini tena. Ila usiwaogeshe damu. Chagua mtu mmoja ambaye msomaji amekwisha kumpenda, labda mlinzi wa ukutani aliyekuwa akimwachia mtoto wetu kokwa za tende achezee, na umweke kwenye ule msururu wa mateka. Ukurasa mmoja unatosha. Baada ya hapo mwache mtoto akasirike kweli, aseme maneno ya chuki, na umpe sura kadhaa za kuishi na hasira hiyo kabla hajakutana tena na yule mvulana wa dinari mbili. Ukiwapatanisha kesho yake asubuhi, darasa litakuzomea.

Kwa mwisho wa kitabu, naupendekeza Septemba 1192. Richard na Salahuddin walifunga mkataba wa amani wa miaka mitatu na miezi minane. Yerusalemu ilibaki kwa Waislamu, sehemu ya pwani ikabaki kwa Wakristo, na mahujaji wa Kikristo wakaruhusiwa kwenda kuzuru bila silaha. Wengi walikwenda msimu uleule. Hakuna aliyepata yote aliyoyataka, na kwa hadithi hilo ni jema: mvulana wa kambini anaweza kuingia mji alioupigania miaka yote hiyo kama mgeni, fimbo mkononi, akimtafuta mtu anayejua jina lake. Kisha ongeza ukurasa mmoja nyuma ya kitabu, uwaambie wasomaji wazi nani aliishi kweli na nani umemtunga. Vijana wetu huusoma ukurasa huo kwanza, kabla ya sura ya kwanza, na wakimkuta Isa kwenye orodha ya walioishi kweli wanamtafuta ndani mpaka wampate.