Maswali na Majibu: Programu Hujitambulishaje kwa Seva ya Saraka?

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja: namna programu zinavyojitambulisha kwa seva ya saraka, yaani seva inayohifadhi majina ya wafanyakazi, vikundi vyao na manenosiri yao ili kila mfumo usilazimike kuwa na orodha yake. Majina ya waandishi na ya taasisi zao tumeyaacha.

Swali: Bwana Mhariri, mimi ni msimamizi wa mitambo katika chama cha akiba na mikopo hapa Upper Hill. Tuna seva moja ya OpenLDAP, programu huria ya seva ya saraka, na programu sita zinazoitegemea, zikiwemo barua pepe, mfumo wa mikopo, tovuti ya wanachama na mfumo wa likizo. Zote huingia kwa jina la msimamizi mkuu, na nenosiri lake limeandikwa katika faili za usanidi za kila programu. Zinatumia poti 389. Waliotuwekea mfumo wanasema hakuna neno kwa kuwa mawasiliano hayatoki nje ya jengo, lakini mkaguzi wa ndani anasema lipo. Nimfuate nani?

Jibu: Mfuate mkaguzi. Ana sababu mbili, na ni afadhali zisichanganywe: ya kwanza ni njia ambamo nenosiri linapita, na ya pili ni ukubwa wa mamlaka ya jina linalotumika.

Tuanze na njia. Katika LDAP, itifaki ambayo programu na seva ya saraka huzungumza kwayo, programu hufungua muunganisho, kisha hutuma ombi liitwalo baindi, ambalo ndani yake mna jina kamili la mwombaji jinsi lilivyo katika saraka pamoja na uthibitisho kwamba ndiye. Katika baindi sahili, uthibitisho huo ni nenosiri lenyewe, na itifaki hailifichi kwa namna yoyote. Mtu aliyefanikiwa kuingia katika mojawapo ya seva zako sita, akaendesha tcpdump, zana ya kunasa mawasiliano ya mtandao, kwenye poti 389, ataliona jina `cn=admin` na viambatisho vyake, na hatua chache mbele yake ataliona nenosiri kwa herufi zinazosomeka. Hoja kwamba mawasiliano hayatoki nje ya jengo ingekuwa na uzito kama jengo lingekuwa halina wanagenzi, wageni wa mikutano, wala printa ambayo haijasasishwa tangu iliponunuliwa.

Dawa ni TLS, yaani usimbaji unaoyaficha mawasiliano yasisomwe njiani, na zipo njia mbili za kuipata. Unaweza kubaki kwenye poti 389 na kuitaka programu iombe StartTLS kabla ya kutuma baindi, au ukahamia poti 636, ambapo usimbaji huanza tangu muunganisho unapofunguliwa. Zote mbili ni salama zikisanidiwa vizuri, lakini StartTLS ina mtego wake: programu nyingine zikikataliwa ombi hilo huendelea kimyakimya bila usimbaji wowote. Hata zana za OpenLDAP zenyewe zina tofauti hiyo, kwani `-Z` huomba TLS na kuendelea hata ikikosa, ilhali `-ZZ` husimama hapo hapo. Katika majaribio yako tumia ya pili daima.

Upande wa seva unaweza kuweka sharti `olcSecurity: simple_bind=128`, na kuanzia hapo seva itaikataa baindi sahili yoyote inayokuja bila usimbaji wa kutosha, ikijibu kwa msimbo 13. Sharti hili ni zuri, lakini lisieleweke vibaya. Seva hukataa baada ya kupokea ombi, na ombi hilo tayari limesafiri na nenosiri ndani yake. Kwa hiyo programu ikipata msimbo 13, usiishie kurekebisha usanidi. Badilisha nenosiri lake pia, maana limekwisha kupita wazi.

Kisha kuna cheti cha seva, hati ya kidijitali inayothibitisha kwamba seva ndiyo hasa. TLS bila kukagua cheti ni kuzungumza kwa siri na mtu usiyemjua. Tumeona faili nyingi za usanidi zenye `TLS_REQCERT never`, yaani cheti kisikaguliwe kamwe, na karibu kila mara chanzo chake ni kilekile: programu imepewa anwani ya namba, kwa mfano 10.0.0.5, wakati cheti kimetolewa kwa jina la seva, basi ukaguzi ukashindwa na mtu mwenye haraka akauzima. Ipe programu jina lile lile lililo katika cheti, weka cheti cha mamlaka iliyokitoa mahali programu itakapokisoma, na urudishe `demand`, inayolazimisha ukaguzi. Ukiwa hapo, zuia pia TLS 1.0 na 1.1, ambazo zilitangazwa rasmi kuwa zimeachwa mnamo Machi 2021.

Sasa mamlaka. Katika OpenLDAP, msimamizi mkuu wa hifadhidata hafungwi na kanuni zozote za ufikiaji ulizoziandika. Maana yake ni kwamba kasoro ndogo katika tovuti ya wanachama, ambayo ndiyo programu iliyo wazi zaidi kwa ulimwengu, inampa mvamizi uwezo wa kusoma na kufuta saraka nzima. Kila programu inastahili ingizo lake, tuseme chini ya `ou=huduma`, lenye nenosiri lake na haki za kusoma sifa inazozihitaji tu. Mfumo wa likizo unahitaji majina na vikundi. Hauna shughuli na namba za simu. Na hakuna programu inayohitaji kusoma manenosiri, hata kama yamehifadhiwa kwa mfumo uliochakatwa, kwa sababu kazi ya kulinganisha ni ya seva. Kanuni yenyewe ni fupi:

`to attrs=userPassword by self write by anonymous auth by * none`

Neno `auth` hapo huiruhusu seva kulitumia nenosiri kumthibitisha anayeingia, bila kumruhusu yeyote kulisoma.

Mkaguzi wako huenda pia anafikiria Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, ambayo humtaka mdhibiti wa data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu afahamu kwamba data za watu zimefikiwa isivyo halali na kuna hatari ya kweli ya madhara. Saa hizo ni chache mno ikiwa kumbukumbu za seva zinaonyesha jina moja tu la msimamizi kwa programu zote sita, na huwezi kusema ni ipi iliyovuja.

Usihamishe zote siku moja. Hamisha moja baada ya nyingine, ukianza na tovuti, huku ukiitazama mistari ya `BIND` katika kumbukumbu ili ujue ni nani bado anatumia jina la zamani. Mistari yenye jina hilo ikikauka kabisa, ndipo ubadilishe nenosiri la msimamizi.

Swali: Mhariri, ninaandika programu katika chuo kimoja kando ya Thika Road. Mwanafunzi ametuonyesha kwamba akiandika jina la mwalimu yeyote na kuacha sehemu ya nenosiri wazi, mfumo wa alama humfungulia. Saraka yetu ni Active Directory, ile ya Microsoft. Nimepitia msimbo wangu: natuma baindi, seva inajibu kwamba imefaulu, nami naruhusu. Je, seva imeharibika?

Jibu: Seva haijaharibika, ila wewe na yeye hamkuelewana. Viwango vya LDAP, katika hati ya RFC 4513 ya mwaka 2006, vinatambua aina tatu za baindi sahili. Ya kwanza ina jina na nenosiri. Ya pili haina chochote, na huhesabiwa kuwa ya mtu asiyejulikana. Ya tatu, iliyokuponza, ina jina lakini haina nenosiri. Hapo seva inaweza kujibu kwamba imefaulu, lakini inachokusudia ni kwamba imempokea kama mtu asiyejulikana. Ni kama mgeni aliyekaribishwa barazani, nawe ukadhani amekabidhiwa ufunguo wa chumba cha ndani.

Hati hiyohiyo inazishauri seva zikatae ombi la aina hii kwa msimbo 53, na inazitaka programu zisimruhusu mtumiaji kuacha nenosiri tupu pale zinapotaka kumthibitisha. OpenLDAP hulikataa isipokuwa umeruhusu kwa makusudi. Active Directory hulikubali, ingawa tangu Windows Server 2019 msimamizi anaweza kulizuia kwa mpangilio wa `DenyUnauthenticatedBind`. Mwombe msimamizi wenu auweke, lakini usimngoje: leo hii ongeza sharti katika programu yako kwamba nenosiri tupu halifiki kwenye seva kamwe.

Kwa kuwa umeufungua msimbo huo, kagua mambo mengine mawili. La kwanza ni namna unavyolipata jina kamili la mtumiaji. Utaratibu wa kawaida ni programu kuingia kwa akaunti yake ya huduma, kumtafuta mtumiaji kwa jina fupi, kisha kujaribu baindi kwa jina kamili lililopatikana. Ikiwa unalibandika jina fupi moja kwa moja katika kichujio cha utafutaji, mtu anayeandika nyota mahali pa jina atapata watu wote, na programu isiyojali huchukua wa kwanza. Alama maalumu lazima zigeuzwe kabla ya kuingia katika kichujio: nyota huwa `\2a`, mabano huwa `\28` na `\29`, na mkwaju wa nyuma huwa `\5c`. Maktaba nyingi zina kitendakazi cha kazi hiyo, kwa hiyo usijiandikie chako. Matokeo yakiwa zaidi ya moja, au yasipokuwepo, kataa.

Jambo la pili hugunduliwa na wachache, na linapotokea husumbua sana. Utambulisho katika LDAP ni mali ya muunganisho, si ya ombi moja. Ukituma baindi ya mwanafunzi kwenye muunganisho uleule ambao programu hutumia kutafuta, muunganisho huo sasa ni wa mwanafunzi, na utafutaji unaofuata utafanywa kwa haki zake. Baindi yake ikishindwa, muunganisho haurudi kwa akaunti ya huduma bali unabaki wa mtu asiyejulikana. Programu inayotunza miunganisho michache na kuitumia kwa zamu itaonyesha dalili ya ajabu: mara inapata majina, mara haipati, na ukiiwasha upya inapona kwa muda. Fungua muunganisho wa pekee kwa kumthibitisha mtumiaji, kisha uufunge.

Swali: Nikiandika nenosiri kwa mkono, `ldapwhoami`, zana ya OpenLDAP ya kujaribu baindi, inakubali. Nikiliweka nenosiri lilelile katika faili na kutumia `-y`, napata kosa 49, yaani utambulisho si sahihi. Nimelinakili mara kadha wa kadha. — Msomaji, Industrial Area

Jibu: Faili yako ina herufi moja zaidi, ile ya mwisho wa mstari. Zana za OpenLDAP huchukua kila kilichomo katika faili ya `-y` kuwa nenosiri, na amri ya `echo` huongeza mstari mpya mwishoni. Iandike faili kwa `printf '%s'`, na uizuie isisomwe na mtu mwingine kwa `chmod 600`.

Kosa 49 lenyewe halisemi mengi, na kwa sababu nzuri: mtu anayekisia hafai kujua kama amekosea jina au nenosiri. Wanaotumia Active Directory hupata kidokezo zaidi katika maelezo yanayofuatana nalo, baada ya neno `data`: 525 ni kwamba mtumiaji hayupo, 52e nenosiri si sahihi, 532 nenosiri limepitwa na muda, 533 akaunti imezimwa, na 775 akaunti imefungiwa. Vidokezo hivyo vibaki katika kumbukumbu za programu, visionyeshwe kwenye ukurasa wa kuingilia.

Swali: Je, programu inaweza kuingia bila nenosiri lolote? Nimechoka kuyabadilisha manenosiri kila robo mwaka. — Msimamizi wa mitandao, Westlands

Jibu: Inaweza, kupitia SASL, mfumo unaoruhusu LDAP kutumia mbinu nyingine za uthibitishaji. Ikiwa programu iko kwenye mashine ileile ya saraka, OpenLDAP inaweza kuisikiliza kupitia soketi ya `ldapi`, na kwa mbinu ya EXTERNAL mfumo endeshi wenyewe huiambia seva ni mtumiaji gani aliye upande wa pili. Hakuna siri ya kutunza hapo, na kwa hati za amri za matengenezo ya usiku sijaona njia nyepesi kuliko hiyo. Kwa programu iliyo mbali, EXTERNAL hutumia cheti cha programu kilichowasilishwa wakati wa kufungua TLS.

Kama mna Kerberos tayari, yaani mfumo wa kuthibitisha kwa tiketi za muda badala ya kutuma nenosiri, mbinu ya GSSAPI inayoutumia ni imara, ila saa za mashine zisipishane kwa zaidi ya dakika 5, ambacho ndicho kikomo cha kawaida. Na faili ya funguo za programu ni siri sawa na nenosiri, kwa hiyo ilindwe vivyo hivyo. DIGEST-MD5, mbinu nyingine ya SASL ambayo bado imetajwa katika miongozo ya zamani, iache. Iliondolewa katika matumizi ya kawaida mwaka 2011, na ili ifanye kazi seva hulazimika kuhifadhi manenosiri yenyewe, au kitu kinachoweza kutumika badala yake.

Maoni yangu, na wapo watakaonipinga, ni kwamba ofisi yenye msimamizi mmoja isiisimamishe Kerberos kwa ajili ya programu tatu. Nenosiri refu lililotengenezwa na mashine, la programu moja tu, katika faili inayosomwa na programu hiyo pekee, likipita ndani ya TLS inayokagua cheti, linatosha. Ukichagua vyeti vya programu, amua mapema nani atavitoa upya kabla havijaisha muda, kwa kuwa siku kimoja kitakapoisha, programu itakataliwa na seva ingawa hakuna aliyegusa usanidi wake.